Ukungu wa kula na ukungu wa kutupa: tulinganishe jibini, mkate, mahindi na maziwa

"Shem, usiutupe. Kwangua hapo juu tu. Ukungu si ndiyo penisilini?"

Hayo aliniambia shemeji yangu asubuhi moja ya mwezi wa sita, hapa Uyole, Mbeya, nikiwa nimeushika mkate tuliousahau kabatini kwa siku tano. Upande wa chini ulikuwa na madoa matatu, kila doa na ukingo mweupe, na katikati vumbi la kijani lililoruka nilipoligusa kwa ncha ya kisu. Shemeji hakuwa anatania. Amekulia kwenye nyumba ambayo chakula hakitupwi, na alichosema kina ukweli ndani yake: penisilini ilitoka kwenye ukungu kweli, na zipo jibini zinazouzwa ghali kwa sababu ya ukungu.

Mkate niliutupa, lakini sikuweza kumweleza vizuri kwa nini. Nauza mtindi, nafuga ng'ombe wawili, na kila msimu naweka mahindi ya kula mwaka mzima, kwa hiyo swali lake lilinigusa pande zote. Nimelifuatilia tangu siku hiyo. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba rangi ya ukungu peke yake haitakuamulia. Kinachoamua ule, ukate au utupe ni mambo mawili: kama ukungu huo umepandwa na mtu anayeujua au umejiotea wenyewe, na chakula chenyewe ni cha aina gani. Nitavipanga viwiliviwili, maana ndivyo tunavyokutana navyo jikoni, sokoni na ghalani.

Ukungu wa mkate na penisilini ya sindano

Mwezi Septemba 1928, Alexander Fleming wa hospitali ya St Mary's, London, alirudi kutoka likizo akakuta sahani moja ya maabara, aliyokuwa ameoteshea bakteria wanaoleta majipu, imeingiwa na ukungu. Kuzunguka ule ukungu bakteria walikuwa wameyeyuka. Ukungu ulikuwa wa jamii ya Penicillium, naye akaiita dawa iliyomo penisilini. Wengi wetu hadithi tunaijua mpaka hapo, na shemeji naye aliijua mpaka hapo. Yaliyofuata ndiyo yanayomjibu.

Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla dawa hiyo haijamfaa mgonjwa. Kule Oxford, Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley walihangaika kuichuja kutoka kwenye maji ya ukungu. Walikosa vyombo vya kutosha, wakaotesha ukungu hata kwenye mabakuli ya haja ya wagonjwa. Mei 1940 waliijaribu kwa panya. Februari 1941 wakampa askari polisi aliyeitwa Albert Alexander, ambaye maambukizi yalikuwa yamemla uso mpaka jicho moja likaondolewa. Ndani ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa kidogo kiasi kwamba walikuwa wanakusanya mkojo wake, wanaichuja tena, wanamrudishia. Ikaisha. Mwezi Machi mwaka huohuo alikufa.

Hebu tulinganishe. Upande mmoja kuna maabara nzima, miezi ya kuotesha ukungu uliochaguliwa, na bado haikutosha kumponya mtu mmoja. Upande wa pili kuna madoa matatu kwenye kipande cha mkate.

Dawa ilianza kupatikana kwa wingi baada ya kazi kuhamia Marekani, kwenye mji wa Peoria, jimbo la Illinois. Huko mwaka 1943 walipata aina ya ukungu wa Penicillium iliyotoa penisilini nyingi kuliko ule wa Fleming, na waliipata juu ya tikiti lililooza. Chakula walichoulisha ukungu ili uzae zaidi kilikuwa maji yaliyolowekewa mahindi, mabaki ya viwanda vya wanga. Mimi ni mtu wa mahindi, nilipolisoma hilo nilifurahi kweli.

Kuna sababu nyingine zinazoutenga mkate na dawa. Ukungu unaoota kwenye mkate si lazima uwe Penicillium. Ule mweusi wenye nyuzi ndefu kwa kawaida ni jamii nyingine kabisa, na hata ndani ya Penicillium zipo aina nyingi zisizotoa penisilini. Kisha penisilini ile ya mwanzo huharibiwa na asidi ya tumbo, ndiyo maana mpaka leo hutolewa kwa sindano. Vidonge tunavyopewa, kama amoksilini, vimetengenezwa kwa namna ya kuhimili tumbo. Na mwisho kuna kipimo. Fleming mwenyewe, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba mtu akijipa penisilini kidogo isiyotosha, bakteria wasiokufa watazoea dawa. Onyo hilo linawahusu wanaonunua vidonge vya rangi mbili vinne dukani, wakavinywa mpaka homa ikatulia na kuacha. Mkate wenye ukungu, hata ukiwa na chembe ya penisilini, hauna kipimo chochote.

Kuna wazee wanaosema kidonda kikibandikwa mkate wenye ukungu kinakauka. Desturi hiyo ilikuwepo katika nchi nyingi tangu zamani, na huenda mara mojamoja ilisaidia. Lakini pamoja na ukungu unabandika vumbi na vijidudu vingine vyote vilivyoota pale. Ukiwa na kidonda, chagua maji safi na sabuni, halafu zahanati.

Jibini ya buluu na jibini iliyoota ukungu nyumbani

Jibini, au chizi kama tunavyoiita madukani, si chakula cha kila nyumba huku kwetu, ila Nyanda za Juu Kusini zina bahati nayo. Njombe wanatengeneza jibini za mtindo wa Kiitaliano kwa maziwa ya wafugaji wadogo, na kipande kikifika Mbeya au Iringa hakina safari ndefu. Ile ya buluu mara nyingi ni ya kuagizwa kutoka nje na bei yake ni ya kufikiria mara mbili.

Jibini ya buluu inayojulikana zaidi hutoka kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon, Ufaransa. Ni ya maziwa ya kondoo, na inakomaa ndani ya mapango yenye baridi na unyevu. Zamani waliuotesha ukungu kwenye mkate wa nafaka iitwayo rai, wakauacha mpaka ukauka, wakausaga kuwa unga na kuutia kwenye jibini. Kisha jibini hutobolewa kwa sindano ndefu, kwa sababu ukungu hauoti bila hewa. Ukipata kipande, kitazame kwa karibu ubavuni: baadhi ya mistari ya buluu imenyooka sana. Hiyo imefuata njia za sindano. Ukungu wake unaitwa Penicillium roqueforti, na ule unaofanya ngozi nyeupe laini ya Camembert ni Penicillium camemberti.

Hao ni ndugu wa ukungu wa Fleming, lakini undugu si kazi moja. Jibini ya buluu haina penisilini ya kumtibu mtu, usiinunue kwa sababu hiyo. Nunua kwa ladha. Usalama wake nao hautokani na wema wa ukungu wa buluu. Huo roqueforti ukioteshwa katika mazingira mengine una uwezo wa kutoa sumu. Kwenye jibini unadhibitiwa na chumvi, baridi, muda, na mbegu ya ukungu iliyochaguliwa na watu wanaoijua.

Sasa chukua jibini ya kawaida ya Njombe uliyoiweka kabatini ikaota madoa ya kijani. Huo haukualikwa. Hapo linganisha ugumu. Jibini ngumu, ile unayoikata kwa kisu na kipande kikasimama chenyewe, inaokolewa: kata doa pamoja na sentimita 2.5 kuzunguka na kwenda chini, karibu urefu wa pingili ya juu ya kidole gumba, na kisu kisipite kwenye ukungu kikaingia kwenye sehemu nzima. Badilisha karatasi ya kufungia. Jibini laini, mozarela, ricota, na yoyote iliyokunwa au kukatwa vipande vyembamba, tupa yote. Nyuzi za ukungu hupenya kwenye unyevu mbali kuliko jicho linavyoona, na bakteria wabaya huweza kufuatana nazo. Hata ya buluu, ikiota rangi ambayo hukuinunua nayo, ya waridi au nyeusi, usiionje.

Kwa nyumba isiyo na friji, mimi ningechagua ngumu bila kusita. Baridi ya Mafinga au ya Makete ya mwezi wa saba itakusaidia sana, ila mozarela haitakusubiri hata huko. Na mjamzito aziache jibini laini zilizokomazwa kwa ukungu, za buluu na za ngozi nyeupe, kwa sababu bakteria aitwaye Listeria hupenda kuishi humo na anaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Jambo moja dogo kuhusu ganda. Jibini nyingine hupakwa nje dawa ya kuzuia ukungu iitwayo natamisini, inayotoka kwa bakteria wa udongo aliyegunduliwa mwaka 1955 kwenye udongo wa Natal, Afrika Kusini. Yaani ukungu ulitupa dawa ya bakteria, na bakteria akatupa dawa ya ukungu. Ganda la namna hiyo limenye.

Vingine vya jikoni, kwa haraka

Kabichi, karoti na pilipili hoho ni kama jibini ngumu: kata na ukingo wake, kinachobaki kinalika. Nyanya, parachichi lililoiva, papai na embe ni kama jibini laini. Najua inauma kutupa parachichi la Rungwe, lakini likiwa na ukungu ndani ya kikonyo, nyama yote imeshafikiwa. Mkate, chapati, maandazi, jemu, wali na maharage ya jana, mtindi wenyewe, vyote vikiota ukungu vitupwe. Kwenye mkate tatizo ni matundu, ukungu unatembea humo kama maji kwenye sponji. Usiunuse pia, maana lile vumbi la kijani ndiyo mbegu zake, na mwenye pumu anaweza kubanwa.

Mahindi ya ugali na mahindi ya pombe

Hapa nitakaa, kwa sababu jibini tunakula mara mojamoja na mahindi tunakula kila siku.

Mwaka juzi nilikwenda Tukuyu kumsaidia mama mkwe kupukuchua. Mvua ya Rungwe haijui kalenda ya mtu, na mahindi yake yalikuwa yamekauka kwa kuchelewa. Tulikaa kwenye kibaraza, kila mtu na ungo wake, naye akawa anatenga mafungu matatu bila hata kutazama sana. Punje nzima ziliingia kwenye gunia. Zilizovunjika zilikwenda kwa kuku. Zilizokuwa na rangi ya waridi, na zile chache zilizoshikana kwa vumbi la kijani lenye umanjano, alizisukuma pembeni.

"Haya ni ya pombe, mwanangu," akasema. "Yakichachuka, ubaya wote unakwisha."

Nilimheshimu, na kwa miaka mingi na mimi niliamini hivyohivyo. Tena kutenga kwake peke yake ni kazi kubwa ya afya, kwa sababu sumu ya ukungu hujikusanya zaidi kwenye punje zilizooza, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Aliyekula mahindi yaliyochambuliwa na aliyekula yasiyochambuliwa kutoka shamba moja hawakula kitu kimoja. Kosa lilikuwa kwenye lile fungu la tatu.

Sumu hizo kwa Kiswahili tumezipa jina zuri, sumukuvu. Inayojulikana zaidi ni aflatoksini, inayotolewa na ukungu wa jamii ya Aspergillus, hasa ule wa kijani wenye umanjano. Iligundulika baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula chenye karanga zilizotoka Brazili. Ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ikiingia nyingi kwa pamoja huua kwa wiki chache. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi. Kwetu, mwaka 2016, watu 20 walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Namba hiyo haimwambii kitu mtu wa kawaida, kwa hiyo niliipigia hesabu ya magunia: gramu moja tu ya sumu, ikisambazwa sawasawa kwenye magunia 1,000 ya kilo 100, inayafikisha yote kwenye kikomo. Na moto hauisaidii. Ugali unachemka kwenye nyuzi 100 hivi. Aflatoksini huhimili joto linalozidi 200.

Chachu ya pombe nayo haiimalizi. Ukiyaotesha mahindi mabovu kuwa kimea, ukayapika komoni au kangala, sehemu ya sumu inaingia kwenye kinywaji na nyingine inabaki kwenye machicha anayopewa nguruwe. Fungu la tatu la mama mkwe halikuwa la pombe wala la kuku. Lilikuwa la kufukia. Ilichukua mazungumzo zaidi ya moja, na aliyemshawishi hatimaye si mimi, ni bata wake wanne waliokufa baada ya kula pumba zilizooza. Bata ni wepesi mno kwa sumu hii. Sikupima pumba zile, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndizo, lakini yeye alikuwa ameshaona kwa macho yake.

Na rangi ya waridi? Huo mara nyingi ni ukungu wa jamii ya Fusarium, unaoanza shambani hindi likiwa bado kwenye bua. Hutoa sumu nyingine, fumonisini, inayoua farasi kwa kuharibu ubongo, na kwa binadamu inahusishwa na saratani ya koo la chakula. Kwa hiyo baridi yetu isitudanganye. Ni kweli Aspergillus hupenda joto, na mtu wa Kyela au wa Usangu ana sababu ya kuuogopa kuliko mtu wa Makete. Fusarium hauhitaji joto hilo. Halafu mahindi yetu hayakai hapa. Yanapakiwa Makambako yakiwa na unyevu, yanafunikwa turubai, yanapata joto njiani, na ukungu uliokuwa umelala huku unaamka kabla lori halijafika Dar es Salaam.

Kuna jambo lililonigusa sana katika kusoma huku. Mwaka 1893, miaka 35 kabla ya sahani ya Fleming, Mwitaliano Bartolomeo Gosio alichunguza mahindi yaliyooza, kwa sababu wakulima maskini wa kwao waliokula mahindi siku zote walikuwa wanaugua. Kutoka kwenye ukungu wa mahindi hayo alipata kitu kilichozuia bakteria wa kimeta. Kilisahauliwa. Leo dawa inayotokana na kitu hichohicho hupewa watu waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae. Na griseofulvini, dawa ya kumeza ya mapunye yaliyokomaa, nayo ni ya jamii ya Penicillium. Dawa zimo kwenye ukungu, shemeji hakukosea. Ila zilipatikana kwa kutengwa na kila kilichokuwa pamoja nazo, na punje iliyooza inakupa vyote kwa mkupuo, bila kukuambia kimo kipi.

Dona au sembe, gunia la kawaida au lisilopitisha hewa

Tumeambiwa tule dona, na ni ushauri mzuri: kiini na ganda vina vitamini, mafuta na nyuzinyuzi ambavyo sembe imepoteza. Tatizo ni kwamba sumukuvu nayo hukaa zaidi hukohuko kwenye kiini na ganda, na kukoboa huondoa sehemu kubwa yake. Chaguo langu liko hivi. Mahindi niliyoyalima au niliyoyanunua nikayachambua kwa mkono, nasaga dona bila wasiwasi. Nikilazimika kutumia mahindi nisiyoyajua, nayachambua kadiri ninavyoweza kisha nakoboa. Dona iliyokwisha sagwa na kuwekwa kwenye mfuko, isiyo na alama ya ubora ya TBS, siinunui, kwa sababu unga hauchambuliki. Na pumba za mahindi ya mashaka simpi ng'ombe wa maziwa; sababu inakuja.

Ukinunua Mwanjelwa au soko kuu la Iringa, gunia la bei ya chini linavutia, hasa kuanzia Januari akiba zikipungua. Usikubali kuonyeshwa juu tu. Omba lichomwe katikati na chini, mimina konzi ya punje kwenye kiganja chenye mwanga, uzipulizie. Punje nzuri hutoa mlio mkavu zikigongana. Zenye unyevu hulia kwa kufifia, na harufu yake ni ya chumba kilichofungwa.

Unyevu unaofaa kuhifadhi ni usiozidi asilimia 13.5, na kipimo cha maskini cha kukadiria kipo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi mpaka karibu nusu, funga, tikisa kwa nguvu dakika chache, iache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisha mahindi juani. Anika kwenye turubai au kichanja, maana chini kuna udongo, na udongo ndiko ukungu unakoishi.

Kisha uhifadhi. Gunia la kawaida ni rahisi, linapumua, na fukusi wanaingia. Wakitoboa punje wamefungua mlango kwa ukungu. Mfuko usiopitisha hewa, kama ule wa PICS, unawanyima wadudu hewa wanakufa bila dawa, na ukungu nao unakosa hewa ya kustawi. Bei yake ni kubwa zaidi ila unatumika zaidi ya msimu mmoja, na mimi sirudi kwenye gunia la kawaida. Sharti ni moja, mahindi yawe makavu kwelikweli kabla ya kufunga. Yakifungwa na unyevu yanachacha humohumo.

Karanga ziende na kanuni ya mahindi, ila kali zaidi. Karanga chungu, iliyosinyaa au yenye doa, iteme. Usimeze kwa aibu.

Maziwa ya ng'ombe aliyekula pumba mbovu na ya ng'ombe aliyechomwa sindano

Ng'ombe akila pumba au mashudu yenye aflatoksini, mwili wake huibadilisha na kuitoa kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi, na ukitengeneza jibini inajikusanya zaidi, kwa sababu inashikana na protini ya maziwa. Ndiyo maana jibini nzuri inaanzia kwenye hori, hata kama duka halitakuambia.

Maziwa ya aina ya pili yalinitia hasara mwenyewe. Ng'ombe wangu walikuwa wamepungua maziwa, nikanunua lita ishirini kwa jirani. Nilichemsha, nikapoza mpaka vuguvugu, nikatia mtindi wa mbegu kama siku zote, nikafunika blanketi. Asubuhi nilipofunua yalikuwa maziwa yaleyale, membamba, na juu yake maji ya rangi ya majani makavu. Nilidhani mbegu imekufa. Jioni nikasikia ng'ombe wa jirani alikuwa na ugonjwa wa kiwele, na alikuwa amechomwa penisilini siku moja kabla.

Dawa iliyotoka kwenye ukungu ilikuwa imepita kwenye ng'ombe, ikaingia kwenye maziwa, ikawaua bakteria wangu wa mtindi. Watengenezaji wa jibini wanaogopa jambo hilohilo, kwa kuwa bila bakteria hai maziwa hayachachuki na jibini haikomai vizuri. Na kwa mnywaji, mabaki hayo yanaweza kumdhuru mwenye mzio wa penisilini, na yanawazoesha bakteria dawa tutakayoihitaji kesho. Kuchemsha hakuyamalizi. Karatasi ya dawa ya ng'ombe huandika siku za kusubiri kabla ya kukamua kwa ajili ya watu. Zihesabiwe kuanzia sindano ya mwisho, si ya kwanza.

Jirani hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa tunaulizana: nani ameugua, amepewa nini, lini. Na maziwa ya kununua siyachanganyi tena siku hiyohiyo. Nayachemsha, nachota kikombe kimoja, natia kijiko cha mtindi wa jana na kukiweka karibu na jiko la mkaa usiku kucha. Mengine yanalala kwenye friji. Kikombe kikiganda asubuhi, sufuria kubwa inaanza kazi.